Vita vya Siku Nne vya Kumlisha Chura Isdori

“Saa nane basi la Muze linaondoka, na huyu bwana atakuwa ndani yake.”

Hivyo ndivyo alivyonguruma mume wangu Nestory, mwana wa Polikarp, mshinda matope ya Sumbawanga kwa pikipiki moja, kidole chake kikielekea kwenye kabati la kioo. Nami nikamjibu kwamba asingurume ndani ya nyumba niliyokwisha kuipiga deki. Tueni mizigo, enyi majirani, nanyi mnaopeleka mahindi mashineni, shusheni viroba mkae juu yake, kwa kuwa nawahadithia vita vya siku nne vilivyopiganwa sebuleni kwangu mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ikiuma masikio ya watu na ya mbuzi; vita ambavyo shujaa wake hakuzidi urefu wa kidole gumba.

Shujaa huyo alikuwa chura wa mtini, kijani kama jani changa la mgomba, mwenye vidole vya kunata vya kupandia ukuta. Alipanda huku kwetu kutoka Muze, bondeni kwenye joto, akiwa amejificha katika mkungu wa ndizi nilioununua sokoni, bila nauli na bila kuaga kwao. Binti yangu Sharon, mwenye miaka tisa na sauti ya mashemasi watatu, alimkuta, akampenda, akamwita Isdori kwa jina la mtakatifu wa wakulima, yote hayo kabla sijapata nafasi ya kusema hapana. Basi nikampa ikulu: kabati la kioo nililouzia maandazi kabla sijapata ajira. Tukaweka udongo, tawi la mpera, na mfuniko wa sufuria uliojaa maji ya kisima.

Lakini Isdori hakula. Siku ya kwanza Sharon alimtolea nzi wanne, naye akawatazama kama mtu anayetazama mvua. Siku ya pili Nestory, maana moyo anao, akamwekea tonge la ugali wa ulezi, lililofinyangwa vizuri, kwa heshima anayostahili mgeni yeyote wa Ufipa, chura akalikalia. Siku ya tatu nikasogeza jiko la mkaa ili baridi impungukie. Ngozi yake ikaanza kukauka, nikaliondoa jiko, nikamnyunyizia maji, na nikakiri kosa langu mbele ya wote, jambo lisilotokea mara nyingi. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Jumamosi, kijani kilikuwa kimegeuka rangi ya majani ya chai na tumbo limeingia ndani.

“Mama Sharon,” akahutubu Nestory, amesimama katikati ya sebule kama anayesoma waraka wa askofu, “mimi si adui wa viumbe. Lakini akifia humu, mtoto atalia hadi mvua zijazo. Nimrudishe kwao angali na pumzi, awakute ndugu zake migombani.”

Maneno yake yalikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Sharon alikuwa amelikumbatia kabati kwa mikono miwili, machozi yakiteremka juu ya kioo. Hakuwa akililia mchezo. Jana yake aliniambia kwamba Isdori aliletwa huku bila kuulizwa, basi angalau apate mtu mmoja wa kumpokea vizuri.

Ilipotimu saa sita akaingia mama mkwe wangu, Bertilla wa Ilemba, mpepeta ulezi, mzaa wanane, kapu kichwani. Tukampa shikamoo zake, tukamweleza mkasa wote kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Akalitazama kabati, kisha akatutazama sisi: Sharon kwenye kioo cha mbele, Nestory cha kulia, na mimi cha kushoto na tochi ya simu.

“Nestory,” akasema, “siku ulipokwenda kwao kumposa huyu mkeo, walikuwekea ugali na kuku, halafu wakafanya nini?”

Nestory akajibu kwamba walitoka wote, wakafunga mlango.

“Na kama mama mkwe wako angebaki anakutazama mdomoni, na tochi?”

“Ningelala njaa, mama.”

“Ndivyo mlivyomlaza huyu. Siku nne watu wazima mnamhesabia matonge. Mleteeni panzi anayeruka, mfunikeni, mtoke.”

Nikajifunga kitenge kiunoni, nikateremka kwenye matuta nyuma ya nyumba, nikaingia vitani. Panzi wa kwanza alinipiga teke la kidole akatoroka. Wa pili na wa tatu niliwakamata nikiwa nimepiga magoti mawili ardhini, jirani akiniuliza kama nimepoteza rozari. Tukawaachia kabatini, nikalifunika kwa kitenge changu cha Wawata, akina mama wa kanisani, kile cha sikukuu, tukatoka. Tulikaa kwenye benchi uani tukinong'ona, kama watu wanaongojea posa kujibiwa. Sharon alishika mkono wa baba yake, naye hakuuondoa.

Saa saba na nusu bibi akapiga hodi kwenye mlango wa sebule, akaniruhusu niingie. Nikainua pindo la kitenge. Panzi mmoja alikuwa juu ya tawi la mpera. Wa pili alikuwa amebaki mguu tu, umechomoza kwenye mdomo wa Isdori, na macho yake yalikuwa yakididimia kichwani kila alipomeza.

Nikashusha pindo upesi, kwa adabu.

“Amekula?” Sharon akauliza.

“Anakula. Mwacheni.”

Nestory akavuta pumzi ndefu, akatangaza kwamba mgeni anakaa, na kwamba tangu saa hiyo hakuna mtu wa ukoo wa Polikarp atakayekula wala kutazama mtu akila katika sebule ile. Na ikumbukwe Namanyere, ikumbukwe Ilemba, na Muze kwenyewe waliko ndugu zake, kwamba nyumba nzima ilihama kwa ajili ya mdomo mmoja. Sufuria la maharage lilikuwa tayari jikoni. Nestory akashika meza upande mmoja, nami upande wa pili, tukaitoa nje.