Chupa ya Mwisho ya Olwen

Jumanne, 10 Septemba

"Bia ya chupa ni maiti kwenye jeneza la kioo. Bia hai hutoka kwenye pipa la baa tu." Ndivyo alivyoandika Wilf Gwilliam, rafiki yangu wa miaka ishirini na sita, katika jarida la chama chetu cha wapenda bia. Upuuzi! Bia iliyotiwa chupani pamoja na hamira yake haifi. Huendelea kuchacha, kukomaa, kupata akili. Wapo wanachama ambao hawajafanya hata moja kati ya hayo. Nimemjibu kwa kurasa tatu. Mhariri amebakiza mistari minne. Mwoga.

Jumatano, 11

Nimepata mbinu. Jumamosi chama kinakutana baani kusherehekea mavuno ya hopsi, yale maua machungu yanayoipa bia harufu. Nitawaonjesha bia tatu bila kusema zilikotoka: mbili za pipa, moja ya chupa. Wilf ataisifu ya chupa, nami nitamwumbua mbele ya wote. Tatizo, chupa ipi? Za dukani zimejaa hopsi za Kimarekani zinazonukia sabuni ya machungwa. Nataka Fuggle, hopsi ya kale, yenye harufu ya udongo ulionyeshewa.

Alhamisi, 12

Nimeipata, chini ya ngazi! Chupa aliyonipa Olwen, marehemu mkewe Wilf. Bia hiyo aliipika miaka sita iliyopita, mwezi mmoja kabla ya kufa, kwa Fuggle zinazotambaa kwenye ukuta wa mlango wao wa nyuma. Wilf alizimaliza zake zote majira yale yale ya baridi. Anaamini haikubaki hata moja.

Dada yangu Hilary kaiona. Kasema nimpelekee Wilf leo leo. Nikamjibu kwamba Jumamosi si mbali. "We Desmond! Hiyo si hoja, hiyo ni bia ya mke wa mtu." Hilary hajawahi kuelewa mijadala.

Jumamosi, 14

Ushindi. Nadhani.

Watu tisa, chupa moja: kila mtu funda moja. Nilimimina jikoni polepole ili mashapo ya hamira yabaki chini, kisha nikaisuuza chupa mara mbili na kuibandua karatasi, Wilf asije akaitambua. Preece, mwanachama mwenzetu, alikunywa funda lake huku akitafuna yai la siki.

Wilf akanusa glasi ya tatu. Hakunywa. Akanusa tena. Akakaa. Alipokunywa aliuliza kwa sauti ndogo nimeitoa wapi. Nikatangaza: chupani, mabibi na mabwana! Preece akapiga makofi. Preece peke yake.

Wilf akauliza mashapo yako wapi. Nikasema nimeyamwaga. "Yote, Des?" Yote. Akanieleza taratibu, kama amwelezavyo mtu mgonjwa, kwamba hamira ile huenda ingeamshwa kwa maji matamu ya shayiri. Hopsi za Olwen bado zipo mlangoni. Angeipika tena bia yake. Akachukua kofia akaondoka, pinti yake ya bia imebaki nusu.

Miaka yote hii nawahubiria watu kwamba chini ya chupa kuna uhai. Nimeumwaga kwenye sinki kwa mikono yangu.

Jumapili, 15

Hilary hasemi nami. Nyama ya Jumapili nimeila baridi, nimesimama. Nimeanza barua ya kumwomba Wilf radhi. Kufika ukurasa wa pili, nilikuwa nathibitisha kwamba Fuggle hukomaa vizuri zaidi chupani kuliko hopsi ya Golding. Nimeichana.

Jumatatu, 16

Nimekwenda mwenyewe. Wilf alikuwa mlangoni akichuma hopsi za Olwen, vidole vimeingia weusi wa utomvu. Nikamwambia nimekosa. Nikarudia. Akanipa kikapu nishike. Tulichuma saa nzima.

Kisha akasema, "Ulikuwa sahihi, mzee. Ilikuwa hai." Sauti ikamkatika. Nilitaka kumshika bega. Nilishika kikapu.

Nimerudi nyumbani mbio, nikashika kalamu kuiandikia kamati ya chama. Enyi wanakamati, ninyi mlioandika kwamba shindano la Jumamosi "halikupata mshindi": Gwilliam amekiri kwa kinywa chake mwenyewe! Sahihisheni kumbukumbu zenu kabla ya Ijumaa. Na Wilf apelekewe nakala.