Konyeza Mia Mbili wa Mpwa Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa maabara. Nzima. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amesafiri siku tano kwenda mkutanoni, na kati ya watu wote duniani amenichagua mimi nimlindie konyeza wake. (Dada anasema hakukuwa na mwingine asiye na kazi. Wivu.)

Konyeza ni yule mnyama wa baharini anayefanana na mwavuli wa uji mzito. Hana mfupa, hana moyo, hana ubongo, na yupo duniani kwa zaidi ya miaka milioni mia tano. Nilimweleza hayo shemeji, baba wa binti, wakati wa chai. Akaweka kikombe chini taratibu, akasema basi leo ameelewa mimi nimewezaje kufika miaka hamsini na mbili. Dada akacheka mpaka akapaliwa. Mtu wa maabara habishani na dereva wa lori mstaafu.

Kazi yenyewe: matone matatu ya chakula asubuhi, matatu jioni. "Kingine usiguse, Mjomba." Kalirudia neno hilo mara nne. Kuniambia hivyo mimi, niliyewahi kufuga kenge mwaka mzima mpaka akawa ananiitikia salamu!

Jumanne, 4 Machi

Maabara chafu. Konyeza sijamwona hata mmoja, nadhani ni waoga. Ila vioo vilivyosimama ndani ya tangi vimejaa vipele vyeupe, kama ukurutu. Binti ni msomi lakini usafi kaukosa. Hiyo ni jeni ya upande wa baba yake. Nikavitoa, nikavisugua kwa sponji kimoja kimoja mpaka vikang'aa. Uchafu wote ukaingia kwenye ndoo ya maji ya chumvi.

Saa nne kamili nikaiona karatasi ukutani, yenye picha. Konyeza akiwa mchanga haogelei. Anajibandika kwenye kioo, mweupe, mdogo kama kichwa cha pini. Nikaisoma mara tatu. Haikubadilika.

Walikuwa mia mbili, wote wametokana na mzazi mmoja, jeni zao sawasawa. Kazi ya miaka miwili. Watahini wake wanakuja tarehe ishirini na nane, na bila hao vichanga hana cha kuwaonyesha.

Nikafikiri haraka, ndicho kipaji changu. Nyama ikikaa kwenye friji haiharibiki. Na hawa ni nyama, hata kama laini. Saa nne na robo ndoo ikaingia kwenye friji ya maabara. Tangi nikalifunika kwa kitambaa. Matone matatu nikawapa humohumo ndooni. Mimi si katili.

Jumamosi, 8 Machi

Amerudi. Nilipanga kumwambia nimewahamishia makazi mapya yenye hewa nzuri. Nikaanza vizuri tu. Akafunua kitambaa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi sakafuni, akauliza kwa sauti ndogo kama nimesugua vyote. Nikasema vyote. Huyu ndiye niliyembeba mgongoni siku yake ya kwanza ya shule, akilia hivihivi, kimyakimya. Nikaketi naye chini. Nikamwambia mimi ni mjinga. Sijawahi kuandika sentensi hiyo mahali popote na sitairudia.

Baadaye akaichungulia ndoo kwa lenzi. Akahesabu, akahesabu tena. Sitini na mmoja wako hai, wamejibandika chini ya ndoo. Akauliza iliingia kwenye baridi saa ngapi hasa. Nikatoa shajara hii nikamwonyesha mstari mmoja tu. Mengine niliyafunika kwa kiganja, kwa sababu ya habari za baba yake.

Akanieleza, nami naandika nilivyoelewa. Yule aliyejibandika na yule mwenye mwavuli wana jeni zilezile. Ni kitabu kimoja, ila baridi ikija zinaanza kusomwa kurasa nyingine. Yeye anatafuta ni kurasa zipi. Alipanga kuwapa baridi kuanzia keshokutwa, polepole, kwa vipimo. Mimi nimemtangulia kwa ndoo. Kwa kuwa saa inajulikana, huenda kazi isipotee. Au huenda wakafa wote. Amewahamishia kwenye baridi ya kiasi. Ile ya friji anasema ni ya maiti.

Jumatano, 26 Machi

Kila siku nimekwenda kukaa kwenye benchi la nje. Kuingia siruhusiwi. Leo akaniita, na kwa sauti yake nikajua kuna jema. Vichanga wamejikata mapingili, kama sahani zilizopangwa. Sahani ya juu ikatetemeka, ikajing'oa, ikaogelea. Nyota ndogo ya ncha nane, inayapigapiga maji. Shemeji naye alikuwapo, kofia mkononi. Akasema katoto kazuri. Ni mara ya kwanza tumekubaliana tangu amwoe dada.

Ijumaa, 28 Machi

Amefaulu! Watahini walimuuliza kwa nini ni sitini na mmoja na si mia mbili. Akasema ukweli wote: mjomba wake alisugua vioo. Nikiwa dirishani nikawasikia wakicheka. Kisha mmoja akataka kujua nani aliiandika saa ya baridi kwa uangalifu namna ile. Akanitaja. Mbele ya wasomi watatu!

Alipotoka akanikumbatia kwa nguvu. Mkono mmoja shingoni, mwingine mfukoni mwangu, unachukua ufunguo wa maabara.

Jumapili, 30 Machi

Nimetafakari sana juu ya mafanikio yangu. Uvumbuzi uko wazi: kichanga mmoja akipigwa baridi, anatoa wengi. Sioni sababu ya jambo hili kuishia baharini. Nyuma ya jiko kuku wa shemeji anaatamia mayai kumi na mawili, na shemeji ametoka mpaka jioni.

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mayai yote yameingia friji, rafu ya juu. Natarajia vifaranga sita kwa kila yai, na hayo ni makadirio ya chini. Kuku nilimwonea huruma, nikamwekea viazi. Ametulia, anaviatamia vizuri tu.