Uthibitisho wa Wizi, Nakala Tatu

Ilitangazwa kwa furaha kuu kwamba, ili kuwakinga wananchi na matumizi ya ovyo, hakuna biashara itakayolipia intaneti salama kabla ya kuithibitishia Kamati ya Uhalali wa Gharama kwamba inaihitaji. Wakubwa walipigiana makofi wao kwa wao, maana hakukuwa na mwingine wa kuwapigia.

Mama mshona sare alifika asubuhi na mapema. Hospitali ilikuwa imempa kazi ya kushona sare za wauguzi mia mbili, ila ilikataa kumtumia majina na vipimo vyao kwenye mtandao usio na ulinzi. Ijumaa ikipita hajaunganishwa, kazi inakwenda kwa mwingine, na mafundi wake sita wanakwenda nyumbani.

"Mama, umeshaibiwa?" mwenyekiti aliuliza.

"Bado, mheshimiwa. Ndiyo maana nimekuja."

"Sasa unakinga nini? Kamati haishughuliki na hofu. Nenda ulete uthibitisho wa wizi, nakala tatu."

"Nikishaibiwa si nitakuwa nimechelewa?"

"Kuchelewa ni dirisha namba nne. Na ujaze fomu, neno lako la siri uliandike kwa herufi kubwa. Ukikwama, tazama mfano pale ubaoni. Nimeujaza kwa mkono wangu."

Mama akaenda ubaoni. Mkubwa hakuwa amedanganya, kaujaza kweli: jina lake, barua pepe yake ya ofisi na neno lake la siri, kwa mwandiko wa kuringia, na muhuri chini yake.

Akavuka barabara, akaingia duka la kuchapa lenye kompyuta za kukodi. Nusu saa baadaye alirudi na karatasi mkononi.

"Uthibitisho wa wizi, mheshimiwa, nakala tatu. Hukusema aibiwe nani." Akasoma kwa sauti barua aliyoitoa kwenye barua pepe ya mwenyekiti, foleni nzima ikimsikia: "'Naidhinisha intaneti salama ya daraja la juu nyumbani kwangu. Sababu: mambo yangu ni mengi.' Imeombwa saa tatu kamili, imepitishwa saa tatu na dakika moja."

"Mama wee!" mtu akaguna kwenye foleni. "Na sisi tunasota hapa tangu Jumanne!"

Mwenyekiti aliigonga muhuri fomu ya mama hata kabla haijajazwa. Kisha akamgeukia katibu, jasho likimtiririka. "Bandua ule mfano, haraka!"

"Haiwezekani, mheshimiwa," katibu alijibu kwa adabu zote. "Kinachobandikwa ubaoni hubanduliwa kwa kikao cha kamati nzima, na kikao ni mwezi ujao."

Foleni ilikuwa imeshahamia ubaoni, watu wakiazimana kalamu.