Kamati ya Kuahirisha Kupatwa kwa Jua

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kupatwa kwa jua kulikokuwa kufanyike Alhamisi, saa nne asubuhi, kumeahirishwa hadi tarehe itakayotajwa baadaye. Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Kamati, na hadi leo sioni kosa ndani yake, hata la nukta.

Sababu ilikuwa nzito. Alhamisi hiyo, saa hiyo hiyo, Mheshimiwa Waziri alikuwa anafungua madarasa mawili ya shule ya msingi, na itifaki hairuhusu mgeni rasmi kutiwa kiwingu.

Mkorofi alikuwa mwalimu wa jiografia wa shule hiyo, mama mfupi mwenye sauti ya kengele. Alitaka wanafunzi wake mia sita waonywe wasilitazame jua kwa macho matupu. Tukamwita mbele ya Kamati.

"Mwalimu, ukiwaonya, si umekiri kwamba litapatwa?" Mwenyekiti alimuuliza.

"Litapatwa, mzee. Na mtoto akilikodolea, jicho linaungua bila hata kuuma."

Akatoa mkobani chungwa na limau, akawasha tochi ya simu. "Tochi ni jua, chungwa ni dunia, limau ni mwezi. Mwezi ukipita katikati, kivuli chake kinatuangukia sisi. Hapo jua limepatwa."

"Kwa kibali cha nani?"

Mwalimu akahamishia limau nyuma ya chungwa. "Na dunia ikikaa katikati, kivuli chetu kinaufunika mwezi. Hapo mwezi umepatwa."

"Kumbe tunalipizana!" Mwenyekiti akashtuka.

"Mbona basi haitokei kila mara?" aliuliza Ofisa Usalama.

"Njia ya mwezi imeinama kidogo, afande. Mara nyingi unapita juu au chini ya mstari."

"Njia za panya," Ofisa Usalama akanong'ona, akaandika.

Tukaazimia mwezi uandikiwe barua. Mwalimu naye akapewa onyo: akilitamka tena neno "kupatwa", kazi hana. Alisaini huku ameinamisha kichwa. Mimi nilidhani ni heshima.

Alhamisi ikafika. Waziri akapanda jukwaani, jua likiwa nyuma yake. Hata hajamaliza salamu, jua likaanza kumegwa ukingoni. Mwalimu akasimama katikati ya uwanja. Lile neno hakulitamka.

"Watoto," alisema, "nyuma, geuka!"

Wanafunzi mia sita wakageuka, kila mmoja na kiboksi alichotengeneza kwenye somo la ufundi, chenye tundu la sindano. Mwanga ukapenya tunduni na kuchora ndani kijua kidogo kilichong'atwa. Wazazi wasio na viboksi wakapanga foleni kwenye boksi la sabuni la mpishi wa shule. Polisi wakafuata. Kamati ikafuata. Waziri akabaki anahutubia visogo.

Alishuka amevimba. "Nani kawageuza hawa?"

"Mimi, Mheshimiwa," mwalimu alisema. "Kazi ichukueni. Macho ya watoto, hapana."

Waziri akaitazama ile foleni. Akamgeukia mpishi. "Hebu nami nione."

"Foleni inaanzia kule, mzee wangu," mpishi alisema, wala hakuinua kichwa.

Akaenda kule. Sijui kama aliwahi kupanga foleni tangu ateuliwe. Alisimama kama mtu aliyepotelewa na mizigo. Zamu yake ilipofika, jua lilikuwa zima, duara kamili.

"Litapatwa tena lini?" aliuliza.

"Hapa kwetu? Miaka thelathini na minne ijayo," mwalimu alijibu.

Waziri, mwenye umri wa miaka sitini na minane, akahesabu kwa vidole. "Si mbali. Nitakuwa bado wizarani."

Mpishi ndiye aliyeanza. Kicheko kikawapata wazazi, kikawapata polisi, kikazunguka uwanja mzima. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka hadi nikakaa chini.

Barua ya kumfukuza mwalimu iliandaliwa Ijumaa asubuhi. Haijatoka bado, na yeye anaendelea kufundisha. Kisheria inahitaji sahihi ya Katibu wa Kamati, na Katibu walikuwa wamemfukuza Alhamisi jioni.