Landrova Yetu na Waya wa Kengele

Jumatatu, 12 Februari 1968

Leo nimeokoa Landrova ya kampuni yetu ya shamba. Naandika mwenyewe upesi, kabla Kimutai hajaanza kusimulia kwa njia yake.

Nilikuwa napeleka maziwa ya wanachama Eldoret. Nimepita maduka ya kijiji cha Ziwa tu, moshi ukatoka chini ya usukani. Moshi mweusi, harufu ya mpira. Mtu mwingine angeruka nje akakimbia. Mimi pia niliruka nje nikakimbia, lakini nilirudi. Maji hakuna. Mto uko mbali. Nyuma kuna mikebe mitano ya maziwa. Nikafungua mmoja nikamwaga juu ya waya zilizokuwa zinaungua. Moto ukaendelea. Nikamwaga wa pili. Ukazima! Nani katika kampuni hii angefikiri haraka namna hiyo?

Kamati imekaa jioni. Hakuna aliyenishukuru. Habari ilikuwa ni maziwa tu, maziwa tu. Kimutai, katibu wetu, mwenye ng'ombe wanane wa kulima na tamaa ya cheo changu tangu tuliponunua shamba, akasema ameishi miaka mingi lakini hajawahi kuona gari linalonyonya. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mwenyekiti wetu ni Mama Tryphosa, na akiongea kicheko huisha. Akatukumbusha kwamba sevea wa kutupimia shamba anatungoja Eldoret Jumamosi asubuhi. Amesema afuatwe kwa gari. Asipoona gari anakwenda kuwapimia watu wa Kesses, na kwetu atarudi baada ya mvua. Bila sevea hakuna vipande vya kugawana, na bila vipande hakuna atakayepanda mahindi yake mwaka huu. Kisha akanigeukia.

"Jeconia, gari likilala Jumamosi, ufunguo unaenda kwa Kimutai."

Ufunguo! Uko shingoni mwangu kwa kamba ya ngozi, nikila, nikilala. Miaka kumi na mmoja niliosha Landrova hii ya mzungu aliyetuuzia shamba. Kiti cha mbele sikukaa hata siku moja. Mbele alikaa mbwa wake, Rex. Mimi nyuma, juu ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Tuliponunua shamba, gari likaja pamoja na ng'ombe na josho, na wanachama wakanichagua Mkuu wa Gari kwa kuwa ni mimi tu niliyejua boneti inafunguliwa wapi. Ufunguo huu hauendi popote.

Jumanne, 13 Februari

Nimefungua dashibodi. Panya wamejenga humo, wana watoto. Waya za mzungu zilikuwa na rangi, nyekundu, kijani, kahawia. Sasa zote ni nyeusi na zinanuka maziwa yaliyoganda. Nimezing'oa zote. Fundi wa kweli huanza upya.

Mke wangu, Chepngetich, akaniuliza kama nimeandika mahali ni waya gani ulikuwa unakwenda wapi. Nikamwambia yote yako kichwani. Alikiangalia kichwa changu kwa muda, kisha akarudi kuchambua mbegu zake. Mbegu hizo amezichambua mara tatu tangu Krismasi. Anataka kipande chake.

Mchana nikapanda baiskeli hadi Eldoret, kwa Kiarie, fundi wa umeme wa magari karibu na stesheni. Kumwita aje haifai. Akija yeye, watasema Kiarie ndiye aliyetengeneza. Basi nikatumia akili: nikamwambia nina rafiki huko Kesses ambaye Landrova yake ya zamani imeungua waya. Kiarie ni mtu mwema, hana werevu. Aliweka spana chini akanifundisha kama mtoto wake. Fyuzi kwanza. Waya wazi zisigusane. Kisha akasema kuna jambo moja muhimu sana kuhusu betri ya hizo Landrova za zamani.

Hapo nikamkatiza. Nikamwambia hilo nalijua. Si vizuri mtu mzima kufundishwa kila kitu siku moja. Akaniuliza kama rafiki yangu naye analijua. Nikamwambia analijua kuliko mimi.

Jumatano, 14 Februari

Tatizo la leo ni waya. Pale dukani wanauza kwa futi, na kamati baada ya ile habari ya maziwa haitanipa hata sumni. Nimezunguka shamba zima. Seng'enge ipo tele, lakini hata mimi najua seng'enge ina miba.

Ndipo nikakumbuka kengele!

Nyumba ya mzungu sasa ni ofisi ya kampuni. Ukutani sebuleni kuna kitufe. Ukikibonyeza, kengele inalia jikoni. Waya unapita juu ya dari, futi nyingi sana, mwembamba, mzuri, umevikwa kitambaa cha kijani. Mzungu alikuwa akibonyeza, na wapishi wanakimbia. Mama Tryphosa mwenyewe alikimbia miaka kumi na tisa katika jiko hilo. Leo yeye ndiye anayebonyeza, kuita kamati, na sisi wanaume tunakimbia kutoka uani. Anapenda kitufe hicho kuliko mhuri wa kampuni.

Nimeng'oa waya wote wakati wa chakula cha mchana. Mawazo yangu yalikuwa makubwa: waya uliotuita kama watumishi sasa utatubeba kama wenye shamba. Hiyo ni hotuba. Nitaitoa Jumamosi sevea akishuka. Kwa leo sijamwambia Mama Tryphosa.

Alhamisi, 15 Februari

Mama Tryphosa amebonyeza kengele. Hakuna aliyekuja. Amebonyeza tena. Nikasema huenda ni panya, siku hizi wamezidi. Kimutai akauliza ni panya gani anayejua kupanda juu ya dari na koleo. Nikajifanya sijasikia.

Waya zimeingia. Siyo kwa mpango wa mzungu, kwa mpango wangu. Nilizobaki nazo nimezikunja vizuri nikazificha chini ya kiti.

Kisha nikagundua jambo ambalo nadhani hakuna mtu Uasin Gishu nzima aliyeligundua. Betri ina vichwa viwili. Kimoja kina alama ya kistari, kingine kina alama ya msalaba. Na mzungu, miaka yote hiyo, aliufunga msalaba kwenye bodi ya gari! Chini, penye chuma na matope! Kile kistari kisicho na maana ndicho alichokipeleka juu kwenye injini.

Nilikaa chini kidogo. Mimi ni mzee wa kanisa. Msalaba huwekwa juu. Sasa naelewa kwa nini waya ziliungua, na pengine kwa nini mzungu mwenyewe hakufanikiwa na ngano. Nimegeuza. Msalaba uko juu kwenye injini, kistari kiko chini. Niliomba kifupi kisha nikafunga boneti.

Ijumaa, 16 Februari

IMEWAKA!

Imewaka mara ya kwanza! Taa zinawaka, honi inalia. Nimezunguka ua wa ofisi mara tatu na watoto wakinifuata. Ule mshale wa chaji, ambao wakati wa mzungu ulikuwa ukilala kulia, sasa umelala kushoto kabisa. Ni dalili nzuri. Gari limekubali kwamba mwenyewe amebadilika.

Nimepita mbele ya nyumba ya Kimutai mara mbili nikipiga honi. Hakutoka. Mkewe alitoka, akasema mumewe anaandaa nira. Sikuuliza za nini.

Chepngetich aliniletea mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, hapo hapo garini. Akasema kama sevea atafika kweli, mwaka huu tutakula mahindi ya shamba letu, na sauti yake ilibadilika kidogo. Nikamwambia aanze kuchemsha maji ya kuyapikia.

Jumamosi, 17 Februari

Nitaandika kila kitu kwa mpango.

Asubuhi Landrova imewaka. Wanachama wamesimama kando ya njia kunipungia mikono. Kimutai hakuwepo. Nikadhani ni aibu.

Saa mbili niko Eldoret. Sevea ametoka na mnyororo wake wa kupimia na chombo chake cha miguu mitatu. Amekaa mbele, karibu nami. Aliuliza kwa nini gari linanuka maziwa yaliyoharibika. Nikamweleza kuwa huku kwetu ni eneo la ng'ombe wa maziwa.

Safari imekwenda vizuri hadi Ziwa. Hapo honi ikaanza kulia yenyewe. Sikuibonyeza. Leo ni siku ya soko, watu wote wakageuka. Nikawapungia mkono, wasidhani kuna shida. Honi haikunyamaza. Sevea akaniuliza kitu, sikumsikia. Maili moja mbele, kwenye kona ya kuingia shambani, honi ikanyamaza na moshi ukaanza. Safari hii haukutoka chini ya usukani tu. Ulitoka kila mahali.

Sevea aliruka akiwa amekumbatia chombo chake. Mimi nilirusha mchanga hadi moshi ukaisha. Nilipofuta macho nikaona, kando ya barabara, Kimutai ameketi kwenye nyasi akila hindi la kuchemsha. Nyuma yake ng'ombe wanane, wamefungwa nira mbele ya mkokoteni, wanangoja. Alisema Mama Tryphosa alimtuma hapo alfajiri.

Alfajiri! Kabla sijawasha gari! Jambo hilo liliniuma kuliko moshi.

Kimutai alitaka sevea apande mkokoteni. Sevea akakataa, chombo chake hakipendi kurushwarushwa, na mkokoteni hauna springi. Basi ng'ombe wakafungwa mbele ya Landrova. Kimutai akatembea na mjeledi. Mimi nikashika usukani.

Nataka ijulikane kwamba nilishika usukani. Ng'ombe hawajui kona. Langoni nilipita katikati kabisa, sikugusa mwimo. Akina mama wakapiga vigelegele. Huenda vilikuwa vya sevea, lakini mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti cha mbele, pale alipokuwa akikaa Rex, na nilifurahi. Naandika bila haya.

Hotuba sikuitoa. Mama Tryphosa alikuja moja kwa moja akaniambia nifungue boneti. Akaingiza mkono, akatoa kipande cha waya chenye kitambaa kidogo cha kijani kilichokuwa bado hakijaungua. Akakiangalia.

"Huu ni waya wa kengele yangu."

Hakuna aliyecheka, hata Kimutai. Ingekuwa afadhali wangecheka. Nilianza kueleza habari ya watumishi na wenye shamba. Alinyoosha mkono tu. Nikavua ule ufunguo. Shingo imebaki nyepesi. Sipendi.

Sevea ameanza kupima mchana huo huo. Hilo linafaa kukumbukwa pia: alifika kwa Landrova.

Jumapili, 18 Februari

Kanisani. Mhubiri amehubiri juu ya kiburi. Nimemwangalia Kimutai muda wote.

Jumanne, 20 Februari

Kiarie alikuja jana akatia waya mpya, nene kama kidole. Aliponiona akaniuliza rafiki yangu wa Kesses anaendeleaje. Nikamwambia ameuza gari.

Kisha mbele ya macho yangu akaurudisha msalaba chini! Nilimkemea. Akasema Landrova hizi zilizaliwa hivyo, msalaba kwenye bodi, na ukigeuza unaunguza dainamo, na kwamba hilo ndilo jambo alilotaka kuniambia. Kiarie ni wa kanisa lingine. Simlaumu. Gari limewaka, bila shaka kwa sababu ya ile kazi yangu ya mwanzo.

Kimutai ameliendesha leo kwenda Eldoret na maziwa. Mama Tryphosa alikaa mbele, wima, na kitambaa chake cha Jumapili. Kwa miaka yote kumi na tisa naye hakuwahi kukaa hapo. Sikumwonea wivu. Labda kidogo.

Vipande vya juu vimekwisha kupimwa, kura imepigwa. Chepngetich ametia mkono kwenye kibuyu akatoa namba moja, karibu na mto! Tangu saa nne amesimama katikati ya kipande hicho peke yake, hataki kuondoka. Mawingu yameanza kukusanyika. Kesho trekta ya kampuni, ile ya kijivu aliyoiacha mzungu, itaanza kulima, na itaanzia namba moja. Ni moja tu tuliyo nayo, kwa shamba lote.

Na kamati haijanisahau. Nimepewa trekta! Kuiosha. Mama Tryphosa alisema waziwazi mbele ya wote: "Kuosha tu, Jeconia. Usifungue kitu."

Nimeiosha. Lakini huwezi kuosha chombo vizuri bila kuinua boneti kidogo. Nimeinua. Mzungu ni yule yule na kosa ni lile lile: msalaba uko chini, kwenye chuma, umejaa kutu!

Kiarie, aliyelala hapa baada ya kazi ya jana, alikuwa anapita na mfuko wake wa spana kurudi mjini. Akasimama kwenye seng'enge, akaniita, akasema kuna jambo moja muhimu sana kuhusu betri ya trekta hiyo. Nikamwambia hilo nalijua.

Nimekwisha kugeuza. Kesho saa kumi na mbili asubuhi Chepngetich atakuwa shambani na mbegu zake, akingoja. Atajua ameolewa na nani.