Kadi ya Kumbeba Isaka

Ongezeni mkaa jikoni, enyi wana wa nyanda za juu, mfunge na mlango, maana baridi la Iringa halina adabu, nalo hupenda kuingia katikati ya hadithi. Tegeni masikio! Sitawasimulia vita vya mikuki. Hivyo vina wenyewe, na makumbusho yake yako Kalenga. Nitawasimulia habari za Adrian Kalinga, nguli wa sauti ya tatu, mlinzi wa spika, bwana wa nyaya zote za kwaya, na jinsi alivyosafiri hata Mbeya kwenda kuteua kadi ya grafiki, kile kibamba kinachoipa skrini picha, kwa ajili ya kompyuta ambayo wenzake wa rika moja walikwisha kuuzwa vyuma chakavu.

Kompyuta hiyo ilikuwa mali ya kwaya. Ilitoka katika ofisi moja iliyokuwa ikitupa vya zamani, sipiyu nyembamba ya kulazwa chini ya skrini, nayo ndani yake ilihifadhi hazina: video ya marehemu Isaka, nguzo ya sauti ya nne, akiimba peke yake siku ya sikukuu ya mavuno. Nakala nyingine haikuwapo. Mara ngapi Adrian aliapa kwamba ataitoa kesho! Lakini kesho ya Adrian mnaijua nyie, ina miguu mirefu.

Mjane wa Isaka, Mama Bertha, ndiye mwenyekiti wa kwaya. Kila Jumamosi baada ya mazoezi aliketi mbele ya skrini ile akamtazama mumewe. Tena aliifumia sipiyu sweta, kwa uzi alioufumua kwenye sweta la Isaka mwenyewe, na tundu nyuma la kupitishia nyaya. "Humo ndani yumo," alisema, "na baridi la hapa mnalijua." Ebo! Nani angebisha? Adrian alifahamu fika kwamba mashine hupumua kwa vitundu vyake, na kwamba mashine iliyofunikwa sufi itachemka kama sufuria ya ugali. Lakini shujaa wetu, asiyeogopa shoti wala radi, alimwogopa Mama Bertha. Akanyamaza. Hata siku moja kadi ikaungua, skrini ikawa nyeusi tii, na Jumapili ya jubilei ya kwaya ilikuwa imekaribia, ambapo Isaka, kwa video ile, alipaswa kuimba mbele ya usharika mzima.

Mafundi wa mjini wakashauri diski itolewe, ikasomwe kwenye kompyuta nyingine. Mama Bertha akasimama, akanena:

"Nimekwisha kumhamisha mara moja, kutoka nyumbani kwenda makaburini. Simhamishi tena!"

Mafundi wakakusanya bisibisi zao.

Na kwa kuwa sisi watu hatuozi wala hatuziki bila kamati, ikaundwa kamati ya kadi. Ikafunguliwa kwa sala. Sauti ya kwanza wakataka kadi yenye taa za rangi, kwa heshima ya jubilei. Sauti ya nne wakanguruma wakitaka kubwa. Sauti ya pili wakakubaliana na kila aliyesema mwisho. Hatimaye likapita azimio tukufu: inunuliwe kadi kubwa kuliko zote kwa bei ndogo kuliko zote. Adrian akatumwa Mbeya, na Mama Bertha akajituma mwenyewe, sipiyu akaipakata katika sweta lake, hata konda wa basi akauliza kama mtoto amelala.

Ndipo wakaingia Mwanjelwa, soko la makabila yote, wakafika kwenye duka la Budeba, muuza vifaa vilivyotumika, mwana wa wafugaji wa Usangu, ambaye baba yake humhesabu yeye kuwa ndiye aliyepotea kundini.

"Kamwene," akasalimu Mama Bertha kwa salamu ya kwao.

"Kamwene, mama yangu. Karibuni. Huyu mgonjwa?"

"Ni mume wangu."

Budeba akamtazama Adrian. Adrian akatazama dari.

Zikaletwa kadi mbili kaunta. Ya kwanza, loo! Feni tatu, taa pembeni, nzito ya kushikwa kwa mikono miwili. Ya pili ilikuwa fupi, kimo cha kiganja, na feni moja ndogo inayofanana na kifuniko cha soda. Mama Bertha hakuiangalia ya pili hata kidogo.

"Hii," akasema, mkono juu ya lile jitu. "Isaka alikuwa mtu wa kuinama mlangoni. Katoto kale katambeba wapi?"

Budeba akajikohoza, akasimama wima, akahutubu: "Mama, sisi hatununui ng'ombe kwa pembe. Tunauliza kwanza: zizi lina upana gani, na majani yapo? Hii kubwa inakula umeme. Kisanduku cha umeme cha mashine yenu ni cha kulisha mbuzi. Tena hata mlangoni haipiti."

"Ijaribiwe!" akaamuru mwenyekiti.

Ikajaribiwa. Adrian akaishusha ile kadi ndani ya sipiyu kwa jasho na kwa maombi, akaisukuma, akaibembeleza, akaigeuza. Nusu yake ikabaki nje, mfuniko ukakataa katakata, na waya wa umeme ambao kadi iliudai haukuwamo. Kwa hiyo jitu likaanguka vitani bila kurusha mkuki, nalo likarudishwa rafuni.

Basi ikapachikwa ile ndogo. Ikaingia taratibu, ikakaa. Mfuniko ukafunga. Na kabla Budeba hajagusa swichi, Mama Bertha alikwisha kunyanyua sweta, tayari kuivalisha mashine.

Hapa, wasikilizaji wangu, ndipo Adrian alipoviona vita vyake. Kuchagua kadi kulikuwa mchezo tu. Kadi hii nayo ingeungua kama mwenzake, Jumapili isifike, na kosa safari hii lisingekuwa la sweta, lingekuwa la mdomo wake. Moyo ukamwambia nyamaza, kesho utasema. Akaikumbuka kesho yake, akaona aibu.

"Mama," akasema, na sauti ya tatu ikampanda hadi ya kwanza, "nisikilize, halafu ukitaka unitoe kwaya. Ni sweta lililoiunguza ile kadi. Mashine inapumua, na sisi tuliiziba pua. Nilijua. Nilikuogopa."

Budeba akaanza ghafla kufuta kaunta iliyokuwa safi.

"Ulijua," akasema Mama Bertha.

"Nilijua, mama."

"Ukaniacha nimzibe pumzi?"

Adrian akabonyeza swichi. Ile feni ndogo ikazunguka, skrini ikapata uhai, naye akaifungua video. Akatokea Isaka, mrefu, katika joho zito la kwaya, maboga na mahindi ya mavuno miguuni pake, akiimba kwa ile sauti iliyokuwa ikitikisa vioo vya kanisa. Ubeti wa pili akatoa leso, akajifuta paji la uso. Ubeti wa tatu akajifuta tena, shingo nzima, jasho likimtiririka, na bado anaimba.

Mama Bertha alikuwa ameitazama video hiyo Jumamosi zote, na macho yake hayakuwahi kutoka kwenye kinywa cha mumewe. Sasa akaiona leso.

"Haa!" akacheka, machozi yakimshuka. "Kumbe ulikuwa unasikia joto, baba! Na mimi nakuvika sweta!"

Akalikunja sweta, akalitia kapuni. Budeba, mwana wa Usangu, akageuka ukutani akasema kuna vumbi dukani.

Jioni ile ile, pale pale kaunta, Adrian akatoa nakala kwenye flashi, na Mama Bertha akaiweka kifuani mwake. Na basi liliposimama Makambako, upepo ukaingia, meno ya shujaa yakaanza kugongana. Mama Bertha akachukua lile sweta la sipiyu, akamvika kichwani hadi masikioni, na kishungi cha nywele kikatokeza kwenye tundu la nyaya.

"Vaa wewe," akasema. "Isaka haoni baridi."

Hivyo ndivyo alivyorudi Iringa Adrian Kalinga, mshindi wa Mwanjelwa, mteuzi wa kadi ndogo, aliyesema leo badala ya kesho. Wako waliovikwa taji la dhahabu kwa kuteka miji. Yeye alivikwa sweta la sufi, naye hakulivua mpaka nyumbani.