Kuhusu Binti Yetu Raihana, Mliyemtazama Mkanyamaza

Maneno, fundi cherehani,
Gitega, Nyarugenge,
Kigali.

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Udahili,
Idara ya Saikolojia, chuoni kwenu,
Dar es Salaam.

Ndugu Waheshimiwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, mmelala vizuri na mmekula. Sisi huku hatujambo kwa kuhesabu viungo tu: kila kichwa kiko juu ya shingo yake. Yaliyomo ndani ya hivyo vichwa ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, na kwa kuwa ninyi ndio mafundi wa mambo ya vichwani, nadhani sijakosea mlango.

Kwanza mnijue, maana kwetu mtu hasemi shida yake kabla hajasema yeye ni nani. Naitwa Maneno. Siku za kazi nashona nguo hapa Gitega. Jumamosi nafanya kazi yangu ya heshima: mimi ni msemaji wa upande wa bibi harusi kwenye gusaba, yaani ile siku familia ya kijana inapokuja kuomba mke. Huko kwenu nasikia anatumwa mshenga, anakunywa kahawa, anaondoka. Kwetu yanasimamishwa mahema mawili yanayotazamana, vinaletwa vipaza sauti, na mtaa mzima unakuja kusikiliza. Msemaji wao anaomba, mimi nakataa. Anaeleza, mimi simwelewi. Anamtaja binti, nasema huyo binti hatumjui. Anaomba tena, nasema ah, tunamjua, lakini amekwisha kuchukuliwa na watu wa maana zaidi. Kila mtu pale anafahamu kwamba mwishoni nitamtoa, na binti mwenyewe yuko ndani anapakwa wanja. Lakini nikimtoa upesi watasema tulikuwa tumemchoka. Kukataa ndiyo namna yetu ya kusema: mtoto huyu ana thamani, ombeni tena. Nao wanaomba tena. Ndiyo raha yenyewe.

Nawaeleza haya mjue kwamba anayelalamika si mgeni katika habari za kuwasubirisha watu. Nimewasubirisha wakwe mpaka wamevua viatu. Lakini, waheshimiwa, hakuna hata mmoja aliyeondoka mbele yangu bila jibu na bila soda mkononi.

Sasa, binti yangu Raihana aliomba kusoma shahada ya uzamili ya saikolojia. Aliomba vyuo vinne. Vitatu vimemkataa, tena kwa adabu, na nawashukuru wakuu wa vyuo hivyo. Mmebaki ninyi. Mlimhoji, mkamwambia angoje, na tangu siku hiyo mmekuwa kimya kama maji ya mtungi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Neno "linashughulikiwa". Kila Raihana akifungua ukurasa wenu, anakuta ombi lake linashughulikiwa. Waheshimiwa, neno hilo nalijua, mimi ni fundi cherehani. Mteja akija kuulizia suti yake, namwambia inashughulikiwa, na kitambaa chenyewe sijakikunjua. Kwa hiyo msinifundishe kazi yangu. Na msiseme mmekosa njia ya kutupata, kwa sababu namba yangu mnayo. Siku za kuomba, simu ya Raihana ilikuwa imepasuka kioo, akawaandikia yangu. Tangu hapo simu hii nalala nayo, naswali nayo imezimwa sauti mfukoni, Mungu anisamehe, na haijalia kwa ajili yenu hata mara moja.

2. Hali ya nyumba yangu. Raihana hawezi kukaa bure. Wakati anangoja, anatufanyia sisi mazoezi. Zamani mke wangu Mukamana akikasirika alikuwa anakasirika, yanakwisha, tunakula. Siku hizi amefundishwa aitambue hasira yake kwanza, aipe jina, apumue. Matokeo yake ni kwamba hasira inatangazwa, halafu inakuja. Na mimi nikisema jamani nimeunguza suruali ya mteja kwa pasi, binti yangu ananitazama kwa upole na kuniuliza: "Baba, unajisikiaje kuhusu hilo?" Najisikiaje! Najisikia suruali imeungua.

Na huyo mshauri wetu, yeye mwenyewe, akisikia simu imelia, hata iwe ya dereva wa moto, yaani bodaboda, anayepita barabarani, anaruka kama kaungua. Juzi alitia chumvi kwenye chai. Mukamana aliinywa yote akasema ni tamu, asije akaulizwa anajisikiaje. Mtu anaweza kuishi hivi kwa muda gani? Tunaambiwa subira yavuta heri, sawa, lakini hapa kwangu kamba imeanza kukatika.

3. Tabasamu. Siku mlipomhoji kwa video, Raihana alikaa hapa dukani kwangu, na nyuma yake palining'inia vazi la mushanana la bibi harusi nililokuwa namalizia pindo. Mimi nilikuwa chini ya meza ya kukatia. Msidhani nilikuwa napeleleza, nilikuwa natafuta kifungo. Nikasikia mmoja wenu, daktari mwenye sauti ya kubembeleza, akimwuliza binti yangu anajiona wapi miaka ijayo. Akamsifu. Akacheka naye. Raihana anasema hata alitabasamu. Halafu mkaaga, mkapotea.

Kijana akifanya hivyo hapa Gitega, amtazame binti, amsifu, amwulize habari za maisha yao ya mbele kisha asionekane, kaka zake binti wanamtembelea, na hawaendi kunywa chai. Sisemi kaka zake Raihana watakuja. Nasema tu kwamba anao.

4. Hili la nne siliandiki kwa mzaha. Nina dada yangu, Mukagasana, shangazi yake Raihana, tunaishi naye. Kila Aprili, siku za kuwakumbuka watu wetu waliouawa, alikuwa anajifungia ndani hasemi na mtu. Sisi tulimsemesha, na mimi zaidi kuliko wote, maana kusema ndiyo ninachojua. Tulimchosha bure. Raihana, akiwa bado mtoto wa shule, ndiye aliyefahamu kwamba shangazi yake hataki kusemeshwa. Alikuwa anaingia na beseni, anakaa sakafuni karibu na miguu yake, anamenya viazi. Basi. Ikapita Aprili moja, ikaja nyingine, na siku moja Mukagasana akaanza kumweleza. Alimweleza nini sijui. Raihana hajaniambia, na mimi simwulizi.

Ninachojua ni kwamba dada yangu sasa mwezi huo anatoka, anakuja dukani, anakaa, ananigombeza kwamba mishono yangu imepinda. Sijawahi kufurahia kugombezwa namna hiyo. Mtoto huyu anataka kujifunza kazi hiyo kwa ukamilifu ili akae na wengine vivyo hivyo, na mahali pa kujifunzia pamebaki kwenu tu. Nampenda na ninamhofia. Akikosa, atasema hajambo, na nitajua anadanganya.

5. Posa za watu wengine. Hapa naomba mshike viti vyenu. Mnajivuta, na huku wenzenu wanaojua kuomba wameanza kubisha hodi! Kuna siku nilipigiwa simu na mama mmoja, Kiswahili chake safi cha pwani, kinateleza kama hariri chini ya sindano. Akauliza kama hapa ni kwao Raihana. Akasema wao wamempenda sana, na wangefurahi kumpata awe pamoja nao. Nikajua papo hapo: mama wa kijana, pengine watu wa biashara ya vitenge. Hakusema anatoka ukoo gani wala katumwa na nani. Au labda alitaka kusema nami sikumpa nafasi, maana msemaji mzuri hampi mgeni nafasi.

Waheshimiwa, nilikuwa katika ubora wangu. Nilimwambia huyo binti hatumjui. Akashtuka. Nikasema ah, mnamsema Raihana huyu? Tunamjua, lakini mmechelewa, amekwisha kuchukuliwa na watu wa maana zaidi. Mukamana, aliyekuwa jikoni, akanipigia kigelegele. Nikanyamaza kidogo, kama ipasavyo, ili yule mama aniombe mara ya pili, nami nimkatae mara ya pili, tuzoeane. Mnajua alifanya nini? Alisema kwa sauti ya chini, "Basi, tunamtakia kila la heri huko aliko," akakata simu!

Mbega, ndivyo tunavyoshangaa huku, jamani! Sijapata kuona posa inayokata tamaa upesi namna hiyo. Nilikaa nikiitazama simu, nikijua atarudi na wazee. Hakurudi. Niseme ukweli, nilisikitika, kwa sababu mama yule alikuwa na adabu, na mtoto wake angekuwa mkwe mzuri. Lakini oneni dhuluma yenu ilipofikia: nimemfukuza mtu anayejua kuongea vizuri kwa ajili ya watu wasiojua kuongea kabisa.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo kwa heshima zote.

Tunaomba jibu. Likiwa la kukataa, semeni tu mmekataa, na soda tutajinunulia wenyewe.

Kama jibu ni zito kuandikwa, mtumeni mzee wenu aje alitamke. Tutampa kiti kivulini.

Kama hata hilo ni gumu, naomba kamati yote iandikishwe katika somo jipya la Kusubiri, litakalofundishwa na Raihana, kwa kuwa hakuna mwenye ujuzi wa karibuni kumshinda. Mtafanya mtihani. Matokeo yenu yatashughulikiwa.

Na kama mtaendelea kunyamaza, rwose, yaani kabisa, kama tusemavyo huku, sitakuwa na la kufanya ila kumtuma Mzee Ntakirutimana wa Kabeza. Huyu ndiye msemaji wa upande wa waoaji ninayepambana naye kila Jumamosi, na hajawahi kurudi nyumbani bila bibi harusi. Atapanda basi kituoni Nyabugogo na watu wake, ngoma zao na vipaza sauti vyao, wafunge hema chini ya madirisha ya idara yenu, na hataondoka hapo mpaka mumtoe mkuu wa idara. Mkimwambia hamumjui, ataomba tena. Mkimwambia amekwisha kuchukuliwa, ataomba tena. Mtu huyo hajui kuchoka, nami najua, nimejaribu.

Nisiwachoshe zaidi. Nisalimieni wajumbe wote kwa majina yao, mlinzi wa getini, anayewapikia chai, na wanafunzi waliopata bahati ya kujibiwa. Daktari wa tabasamu mpeni salamu zake peke yake. Mukamana anawasalimu, ametambua hisia zake na anasema ni hasira. Mukagasana anawasalimu bila masharti.

Nabaki mwenye subira iliyopinda mshono,

Maneno,
msemaji wa upande wa binti.

Nyongeza: Kabla ya kuituma nilimpa Raihana barua hii anitazamie makosa. Malalamiko ya kwanza mpaka ya tatu alicheka. La nne alilisoma mara mbili, akajifuta macho kwa kitambaa cha mteja. Alipofika la tano akaniomba simu. Akaitafuta namba ya yule mama. Kisha akafungua simu yake, akaziweka zote mbili juu ya meza ya kukatia, namba ile na namba iliyo chini ya barua pepe zenu. Ni namba moja.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikangoja anipigie kelele, maana ni haki yake, na kusema kweli ningefarijika. Akapumua. Akanitazama kwa ule upole wake na kuniuliza: "Baba, unajisikiaje kuhusu hilo?"

Kwa mara ya kwanza tangu niitwe Maneno, sikuwa na neno hata moja.

Amewapigia, ofisi yenu imefungwa mpaka Jumatatu. Nilitaka kuichana barua hii, amekataa. Anasema iende kwa barua pepe kama ilivyo, mjue anatoka nyumba ya namna gani. Basi isomeni, halafu msamehe yote, tangu la kwanza hadi la tano. Mlijibu. Mlijibu mapema na kwa adabu, nami nikawafukuza kwa sauti ya harusi. Ulimi hauna mfupa. Mwambieni yule mama kwamba namwomba radhi, sikujua kuna nchi ambayo mtu akiambiwa hapana anaamini.

Kama kiti chake mmekwisha kumpa mwingine, mwambieni yeye mwenyewe, msiniambie mimi. Kama bado kipo, binti tunaye. Tunamjua. Hajachukuliwa na mtu yeyote. Ombeni tena, mara moja tu, na mimi nitasema ndiyo kabla hamjamaliza salamu.